Chakula cha Paka Anayelinda Mpunga

Leo nataka tuzungumze juu ya chakula cha paka. Usicheke kwanza. Mavuno yakiisha na magunia yakipangwa ndani, sisi hushukuru na kupumzika, lakini panya hawapumziki. Nao wamepata habari kwamba mpunga umeingia. Katika bonde letu la Kilombero mpunga si chakula tu. Ndio ada ya shule, ndio sare ya mtoto, ndio nauli ya kumpeleka mgonjwa Ifakara. Na mlinzi wake wa usiku, katika nyumba nyingi, ni yule paka alalaye karibu na mafiga. Basi ni haki tuulize: mlinzi huyu hula nini?

Karani wa parokia hukutana na watu wa kila kitongoji, nami nimewauliza wengi swali hili. Jibu ni karibu moja: “Paka hujitafutia.” Na wengine huongeza: “Ukimlisha atakuwa mvivu, hatakamata panya.” Maneno haya yana ukweli kidogo ndani yake, nami nitausema mbele. Lakini jinsi tunavyoyafuata, yanatupotezea mpunga mwingi.

Tupige hesabu kama watoto wa darasa la nne. Panya wa nyumbani aliyekomaa ana uzito wa gramu 150 hivi. Kwa siku hula kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani gramu 15. Panya kumi hula gramu 150 kwa siku, na kwa mwezi kilo 4 na nusu. Toka Julai mpaka mwisho wa Desemba ni kilo 27. Hiyo ni ile inayoingia tumboni tu. Ile inayomwagika kwa magunia kutobolewa, na ile inayochafuliwa kwa mkojo na mavi, hatukuihesabu. Tena ni nani mwenye panya kumi tu? Panya shamba, yule mdogo wa rangi ya udongo, hubeba mimba siku 23 tu, na kwa uzao mmoja huzaa watoto kumi au kumi na wawili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, wamemchunguza panya huyu kwa miaka mingi, maana miaka mingine huzidi kiasi akamaliza mbegu ardhini kabla hazijaota.

Tena kuna maradhi. Mwezi wa Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, walishikwa na homa isiyojulikana, wengine wakatokwa damu puani. Wizara ya Afya ikapima, ikatangaza kuwa ni Homa ya Mgunda. Waliougua walikuwa 20, na watatu walikufa. Vijidudu vya homa hiyo hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, navyo huingia mwilini kwa maji machafu na kwa ngozi yenye michubuko. Sisi tunaoshinda majarubani miguu mitupu yatupasa kuisikiliza habari hiyo vizuri.

Sasa turudi kwa paka. Je, njaa humfanya kuwa mwindaji? Wataalamu waliwahi kujaribu hivi: walimpa paka chakula anachokipenda, na alipokuwa akila wakamletea panya. Paka akaacha chakula, akamrukia panya, akamwua, kisha akarudi kumaliza chakula chake. Kumbe kwa paka kuua ni jambo moja na kula ni jambo jingine. Hata wewe umeona paka aliyeshiba akimchezea panya nusu saa, kisha akamwacha pale mlangoni bila kumla.

Lakini tuseme kweli yote. Mwaka 2021, huko Uingereza, ulitolewa utafiti wa paka wa nyumbani. Wale waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani mawindo pungufu kwa 36 kwa mia. Basi wazee wetu hawakukosea kabisa: shibe ya nyama hupunguza uwindaji. Hupunguza, haiui. Tena wale ni paka wanaofunguliwa makopo asubuhi na jioni. Paka wa Kiberege au Mngeta hajafika huko, wala simwoni akielekea huko.

Shida yetu sisi ni njaa, na njaa ya paka ina hesabu yake. Kipanya kimoja kidogo hakimtoshi hata kidogo. Paka mkubwa anayeishi kwa vipanya peke yake hana budi kupata saba au wanane kila siku ya Mungu. Asipowapata hatakaa ghalani kungoja. Ataondoka. Ataanza kwa jirani, atafunua sufuria, atachukua vifaranga, atapigwa mwiko mgongoni, na mwisho atahamia sokoni au porini. Mwaka 1953 Mwingereza mmoja mwenye elimu ya wanyama, Charles Elton wa Oxford, aliandika habari za paka wa mashambani kwao. Aliona kwamba panya wakisha kuondolewa, paka huweza kuwazuia wasirudi, lakini yataka paka wenyewe wapewe chakula hapo nyumbani ili wasitangetange. Nami naliona hilo ndilo neno kubwa. Hatumlishi paka ili awinde. Twamlisha ili akae. Akikaa, kuwinda atawinda mwenyewe.

Wala tusimdai paka asichoweza. Panya buku, yule mkubwa mwenye kutia chakula mashavuni, hamwezi. Hata panya wa nyumbani aliyekuwa mkubwa sana paka wengi humpisha. Kazi yake ni wale wadogo na watoto wao, kabla hawajakua. Huko Eswatini, nchi iliyoitwa Swaziland zamani, watafiti walichunguza nyumba za vijijini, wakatoa habari zake mwaka 2017. Penye paka na mbwa pamoja panya walikuwa na hofu, hawakuthubutu kula sana. Penye paka peke yake, au mbwa peke yake, tofauti haikuonekana wazi. Kwa hiyo mzoeshe mbwa wako asimfukuze paka, na uwalee pamoja tangu wadogo.

Sasa naja kwenye jambo linalotuhusu sisi wa bonde hili kuliko watu wengine. Kila mwaka wakati wa kilimo jamaa nyingi huhama. Nyumba ya kijijini hufungwa, watu huenda kukaa shambani katika dungu, walime, wapalilie, wafukuze ndege na nguruwe. Wengine hurudi Jumapili, wengine hawarudi mpaka mpunga uvunwe. Kuku huchukuliwa katika tenga. Mbwa hufuata mwenyewe. Paka huachwa.

Huachwa na nini? Ghala ni tupu, jiko limepoa, na panya wenyewe wamehamia mashambani. Masika yote, miezi minne au mitano, hana mtu wa kumtupia hata kichwa cha dagaa. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Nasi kweli hatumfukuzi, twaiachia njaa imfukuze. Mwezi wa Julai mpunga unarudi nyumbani, panya wanaufuata nyuma, na paka hayupo. Ndipo mtu huzunguka kijiji akiomba mtoto wa paka. Mtoto huyo atahitaji miezi sita kabla ya kufaa kitu, na miezi sita ndiyo ile ya hesabu yetu ya kilo 27.

Dawa yake iko. Kama nyumbani anabaki bibi au mwanafunzi, mwachie chakula cha paka kwa kipimo, kama unavyomwachia chumvi na mafuta ya taa. Kiganja kimoja cha dagaa wakavu kwa siku chamtosha paka ambaye bado hujikamatia kidogo; kwa mwezi ni kilo moja hivi. Kama habaki mtu, mchukue paka pamoja nanyi katika tenga lenye kifuniko. Paka hushikamana na mahali, kwa hiyo ukimfungua siku ile ile atatoroka arudi kijijini. Mfungie ndani ya dungu juma moja au mawili, mpe chakula mahali pale pale na saa ile ile, naye atapazoea. Hata dungu lina panya wake, tena lina nyoka. Lakini ile desturi ya kurudi Jumapili na kumwekea rundo la ukoko la juma zima, haifai. Paka si chatu.

Hapa mama mmoja ataniambia: “Karani, watoto wangu mwenyewe hawali samaki kila siku, nimpe paka?” Hapana, mama. Chakula cha watoto ni cha watoto. Nasema juu ya vile tunavyovitupa: kichwa cha kambale, ngozi, mapezi, utumbo wa perege, matumbo na miguu ya kuku, damu ya mbuzi iliyoganda, maji yaliyochemshiwa nyama. Sisi tuna mto na mabwawa ya samaki. Ni watu wachache Tanzania wanaotupa vichwa vingi vya samaki kama sisi. Vikusanye katika sufuria kuukuu, uvichemshe, umpe.

Mbona nasema samaki na nyama, wala sisemi ugali? Maana hapo ndipo wengi hudhani wanamlisha paka, na kumbe wanamjaza tumbo tu. Mbwa aweza kuishi kwa ugali uliochanganywa na vitu vidogo. Paka hawezi. Mwili wake wahitaji kitu kiitwacho taurini, nacho hakimo katika ugali, wala wali, wala maharage, wala mchicha. Kimo katika nyama, samaki, na hasa katika moyo wa mnyama. Akikikosa muda mrefu, macho hupofuka polepole, moyo hulegea, na paka jike huzaa watoto dhaifu au wafu. Hata wenye viwanda vya chakula cha paka huko Marekani hawakulijua hilo vema mpaka mwaka 1987, wataalamu walipoona kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo walikuwa na upungufu wa taurini, ingawa walikula chakula cha kununua. Kipanya kina taurini tele. Ndiyo maana paka mwindaji huwa na manyoya yanayong'aa kuliko yule wa ugali.

Vivyo hivyo na vitamini A. Sisi twaipata katika mchicha, matembele na maembe, maana mwili wetu waweza kuigeuza. Mwili wa paka hauwezi. Yataka aipate tayari katika ini la mnyama. Kipande cha ini kama kidole gumba mara moja kwa juma chatosha. Ini kila siku ni sumu tena: shingo na mifupa yake itakakamaa. Na kwa kuwa nimeanza mambo ya ajabu, mjue pia kwamba paka haonji utamu. Watoto wakimpa sukari guru wanapoteza sukari guru.

Ugali au wali uwe wa kuongeza tu, sehemu moja, na samaki au nyama sehemu mbili au tatu, vikiwa vimepondwa pamoja ili asichague. Umwagie na ule mchuzi wa kuchemshia, maana taurini hutoka katika nyama ikaingia katika maji. Mchuzi huo usiwe na kitunguu wala kitunguu saumu. Vitu hivi kwetu ni dawa, lakini kwa paka huharibu damu, akaishiwa nguvu. Kwa hiyo mchemshie chake kabla hujaunga mboga yenu. Samaki apikwe. Samaki wengine wa maji baridi, wakiliwa wabichi siku nyingi, huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, akayumba na kuinamisha kichwa. Tena samaki mbichi na matumbo mabichi yana minyoo. Samaki wa chumvi mloweke kwanza na kumwaga maji. Dagaa ndio ninaowapenda kuliko vyote kwa kazi hii: hupatikana hata mto ukifurika, huliwa na mifupa yake laini, na mifupa hiyo ndiyo inayokuza miguu ya watoto wa paka. Mtoto wa paka anayepewa mnofu mtupu bila mfupa hukua na miguu iliyopinda. Lakini mfupa wa kuku uliopikwa usimpe, maana huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Maziwa mtu hudhani ndiyo chakula cha paka hasa. Paka wengi wakubwa huharisha wakinywa maziwa ya ng'ombe. Maji ndiyo muhimu, yawekwe katika kigae mbali kidogo na chakula, yabadilishwe kila siku. Paka alitoka katika nchi kavu, hana desturi ya kunywa sana, na akila vikavu tupu bila maji, dume hasa huweza kuzibwa mkojo, na huo ni ugonjwa wa kufa kwa siku mbili tatu.

Mpe lini? Asubuhi mpe sehemu kubwa, na jioni kidogo tu, mahali pale pale karibu na ghala, ili giza likiingia awe hapo. Kipimo cha paka mwindaji ni kiasi cha konzi moja ya mtoto kila mara. Asichomaliza kiondoe. Ukikiacha mpaka usiku utakuwa unafuga panya na siafu.

Paka anayenyonyesha ni habari nyingine. Yeye huhitaji mara mbili mpaka mara tatu ya chakula cha kawaida, nasi tuna tabia mbaya ya kumwona mlafi wakati huo na kumpiga. Watoto wake huanza kulamba chakula laini wakiwa na majuma manne. Wapewe kidogo kidogo mara nne kwa siku, dagaa waliopondwa katika mchuzi. Wala usiwagawe kwa majirani kabla ya majuma manane. Kuna sababu zaidi ya maziwa: wakati huo ndipo mama huwaletea vipanya nusu hai na kuwafundisha kazi. Anayechukua mtoto wa majuma manne anachukua mwanafunzi ambaye hajaingia darasani, kisha atamlaumu kwamba hajui kusoma.

Neno la sumu ya panya nitalisema wazi. Katika nyumba moja chagua paka au chagua sumu. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huzunguka akipepesuka, naye ndiye paka humkamata upesi. Sumu nyingine humfanya paka atokwe damu kwa ndani siku kadhaa baadaye, na mwenye nyumba hudhani amerogwa. Tena sumu hizo, zikiwekwa katika unga au dagaa, mtoto atambaaye hajui kuwa ni za panya.

Na ninyi akina mama wajawazito, msizoe mavi ya paka. Paka anayekula panya na nyama mbichi aweza kuwa na kimelea kiitwacho toksoplazima, chenye kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mtu mwingine ayazoe kila siku kwa jembe na kuyafukia mbali na kisima na mahali wanapochezea watoto. Chombo cha paka kisioshwe pamoja na sahani zenu. Na wakija watu wa chanjo ya kichaa cha mbwa, mpelekeni na paka katika kikapu, maana naye hupata kichaa na kuwauma watu.

Mwisho, paka wako akikataa chakula, udenda ukimtoka na akijipangusa mdomo kwa mguu, usimpe dawa yoyote kwanza. Mfunge katika kanga abaki kichwa tu, mtu mwingine afungue kinywa kwenye mwanga wa jua, utazame kaakaa na katikati ya magego. Mara nyingi ni mwiba wa perege umekwama pale, na hutoka kwa koleo dogo la kunyolea nyusi.